Saa Mpya Yenye Rangi ya Uzee

Siku Serge alipoleta habari nilikuwa nachambua maharagwe, na ungo ule ule nilikuwa nimeshauchambua mara mbili. Nilitoa mawe, nikakung'uta, nikaanza tena, kana kwamba mawe yanazaana. Mikono yangu imekuwa hivyo tangu mwanangu Nicolas alipopanda pikipiki kwenda Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, miaka minne sasa, mwezi wa tano, siku ya Jumanne. Alivaa koti la mvua la kijani. Nyuma alifunga mfuko wa unga wa muhogo wa rafiki yake. Mkononi alikuwa na saa ya baba yake. Jioni simu yake iliita mara mbili bila kupokelewa. Nilipopiga mara ya tatu haikuita tena. Hatukuona pikipiki, wala koti, wala mtu.

Serge ni mtoto wa mdogo wangu, dereva wa pikipiki, kijana mwenye moyo mwema na damu ya moto. Aliingia kwenye uwanja wa parcelle yetu bila kubisha hodi.

— Mama mukubwa, saa ya papa Gaspard imeonekana.

Ungo uliniponyoka, maharagwe yakatawanyika hadi kwenye majivu.

— Imeonekana wapi?

— Ku mukono ya mutu! Abdoul, ule mwenye kununuaka zahabu pale barabara ya Lumumba. Kambale njo aliiona na macho yake. Abdoul alimupelekea eti apunguze mukanda ya chuma, iko namuchezacheza ku mukono. Kambale aliapa, mama. Anasema njo yenyewe.

Kambale ni fundi wa saa. Ana meza yake ndogo karibu na soko, mwavuli wa rangi mbili juu yake, na kioo cha kukuza anachokibana kwenye jicho la kushoto. Saa ya marehemu mume wangu aliifungua mara tatu katika maisha yake. Mtu kama huyo akisema ni yenyewe, utamjibu nini? Siku ile sikuketi tena. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Niseme kidogo habari za saa hiyo. Gaspard alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya kwenye njia ya Nyankunde. Mwaka wa 1974 Mgiriki mmoja, mfanyabiashara, alikuwa anafunga duka lake aondoke nchini. Mtoto wake wa kike aliwahi kushikwa na homa kali, na Gaspard akakaa kando ya kitanda siku tatu. Basi siku ya kuagana yule Mgiriki alivua saa mkononi mwake akampa. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya matajiri wanaozama majini kwa mchezo tu. Sisi maji tulikuwa tunachota. Uso wake ulikuwa mweusi, na kengele ndogo, alama ya kiwanda, imechorwa chini ya kumi na mbili. Kuzunguka kioo kulikuwa na pete inayogeuzwa kwa vidole, yenye alama ya pembe tatu. Mzamaji anahesabu nayo dakika zake chini ya maji. Gaspard alihesabu nayo dakika za kuchemsha sindano. Akitia sindano ndani ya sufuria, anaileta ile pembe tatu mbele ya mshale wa dakika, na hapo hakuna mtu kufunua sufuria mpaka mshale utembee dakika ishirini kamili.

Alama zake za saa zilikuwa nyeupe wakati ule, na kwenye giza ziliwaka. Miaka ilivyopita zikageuka manjano, manjano ya siagi ya ng'ombe iliyokaa sana, na mwanga wake ukafa kabisa. Kioo kilikuwa cha plastiki, kimevimba kidogo kama tone la maji. Kila Jumamosi nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba mpaka michirizi ikapotea. Mkanda wa chuma ulikuwa mwepesi, mtupu ndani, umelegea, na ulikuwa unang'oa vinyweleo vya mkono wa Gaspard. Ulilia chaka-chaka. Nilijua Gaspard anarudi kabla sijamwona.

Sasa kwa nini saa hii ilitunyima raha siku ile, zaidi ya mali kupatikana? Ni kwa sababu ya Léonie, mke wa Nicolas, ambaye nakaa naye. Ana miaka thelathini na mbili. Mwaka jana mwalimu mmoja, Mathieu, mtu mpole, alituma wazee wake kumwomba. Shemeji yangu Adolphe, mdogo wa Gaspard, ndiye kichwa cha familia sasa, na alijibu kama ilivyo kwetu: mtu aliyepotea bila mwili, tunazika kitu chake. Lakini kiwe kitu alichoondoka nacho. Nguo aliyoacha nyumbani haihesabiwi, kwa sababu mtu anaacha nguo akijua atarudi kuivaa. Kitu kikipatikana, kinafungwa kwenye kitambaa cheupe, kinazikwa nyuma ya nyumba, matanga siku tatu, na mke anakuwa huru. Bila kitu hakuna matanga. Bila matanga Léonie ni mke wa Nicolas.

Adolphe aliniuliza mbele ya wale wazee: «Shemeji, weye unasema nini?» Na mimi nilisema: «Mulete kitu.» Maneno mawili tu. Wazee wa Mathieu walikunywa chai yao wakaenda.

Kesho yake asubuhi Adolphe aliita wote, tukaenda kwake, mtaa wa Mbunya, mimi na Léonie, kwa miguu, maana hakuna aliyeweza kungoja pikipiki. Vumbi lilikuwa linapanda. Léonie alitembea mbele, akasimama, akanisubiri, akatangulia tena. Tulipofika karibu alinishika mkono.

— Mama, useme ni yenyewe.

— Sijaiona bado, Léonie.

— Najua. Ata kama... Mama, nimechoka. Sina bwana mupya, sina tena bwana wa zamani. Niko tu kama nguo ku kamba.

Nilimvuta tukaendelea kutembea. Na sitaficha: mimi mwenyewe nilitaka iwe yenyewe. Mtu asifikiri mama anapenda tu kungoja. Nilitaka kulia mara moja, kwa sauti, na watu wanishike, halafu nilale.

Uwanja wa Adolphe ulikuwa umejaa. Serge alikuwa amekuja na wenzake sita wa pikipiki, na mmoja wao alishika chupa ya essence, petroli. Alisema ni ya pikipiki yake. Pikipiki yake sikuiona. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Abdoul, mtu mnene wa miaka arobaini hivi, kofia nyeupe kichwani, shati limelowa jasho mgongoni. Hakuwa amefungwa, lakini kila akisogeza mguu wale vijana nao walisogea.

— Nimekuja mwenyewe, alisema aliponiona. Mama, shikamoo. Nimekuja na miguu yangu juu sina kitu ya kuficha. Saa nilinunua Dubai mwaka jana. Boîte yake ya kuiwekea iko, papiers yake ya duka iko.

— Papiers! Serge akacheka vibaya. Papiers, leo asubuhi nitakufanyishia ya nyumba ya gouverneur.

— Kijana, uniheshimu. Niko na umri wa kukuzaa.

— Ungenizaa ungenifundisha kuiba.

— Serge! Adolphe alipiga mkongojo wake chini. Kambale, sema tena vile ulisema, mama asikie.

Kambale alisimama. Hata pale alikuwa na kioo chake shingoni kwa kamba ya kiatu.

— Mama Françoise, weye unanijua. Saa za leo minaziona kila siku. Zile za bei kali, za michezo, iko kubwa sawa kopo ya cirage ya viatu. Pete yake inameta sawa sahani. Namba ni nyeupe pee, na kadirisha ka tarehe, na kengele kubwa ili mutu wa ng'ambo ya barabara naye aone. Mutu ananunua mupya, anataka ionekane mupya, si vile? Sasa ona hii. Ndogo. Haina dirisha ya tarehe. Kengele kadogo sana. Pete nyeusi imefifia sawa kaniki. Na namba manjano! Ile manjano ni miaka, mama. Miaka haiuzwe ku duka.

— Inauzwa, akasema Abdoul. Mie nilinunua.

Vijana wengine walicheka bila kutaka.

— Njo hivyo! Ni modèle, mama. Kuko ile ya leo, kubwa, vile anasema. Na kuko hii, banaitengeneza leo lakini banaipaka sura ya zamani. Muuzaji aliniambia matajiri banachoka na vitu vya kumeta. Banataka kitu kama ya babu yao.

— Basi bavae ya babu yao! Serge akasema. Nani mwenye akili atalipa juu ya kitu kipya chenye kimeshazeeka?

Abdoul aliitazama saa mkononi mwake. Niliona swali lile limemgusa hata yeye.

Alivua saa akanipa. Yeye mwenyewe alinipa, kwa mikono miwili.

Uso ulikuwa ule ule. Weusi ule, kengele ile, manjano ile ile ya siagi. Nilisikia Léonie anavuta pumzi nyuma ya bega langu. Lakini mkono wangu ulishtuka kwa sababu nyingine. Ilikuwa nzito. Nilitikisa mkanda: haukulia. Vipande vyake vilikuwa vimejaa, vimebana, kama meno ya kijana.

— Ni nzito, nikasema.

— Mukanda banaweza kubadilisha, akasema Kambale. Ile ya muzee ilikuwa imelegea sana.

Niligeuza ubavuni. Saa ya Gaspard ililala bapa, ikaingia chini ya mkono wa koti lake la kazi bila kukwama. Hii ilikuwa na tumbo.

— Ni nene.

— Mama, macho ya kukumbuka inapunguzaka vitu.

Nilikiweka kioo kwenye shavu. Kilikuwa kimevimba kama tone, sawa, lakini baridi. Plastiki haina baridi ile. Nilikuwa nakisugua miaka thelathini na tano, nakijua.

— Kioo naye banabadilisha, akasema Kambale, na sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

Basi kila nilichosema kilikuwa na jibu, na kila jibu lilimrudisha Abdoul kwa wale vijana. Nikatazama ile chupa. Nikamtazama Léonie, midomo yake ilikuwa inatembea tu. Nikaona hakuna njia ila moja.

— Muniache nitazame peke yangu, nikasema.

Nilifungua kitenge cha juu, nikajifunika kichwa nacho mpaka magotini, mimi na saa ndani. Nje nilisikia mtu anauliza, «Anaomba?» na mwingine akasema, «Tika, umuache, anaomba.» Sikuwa naomba.

Ndani ya kitenge, alama zote kumi na mbili ziliwaka. Kijani, kali, mwanga uliokuwa umekunywa jua la uwanjani muda wote ule tulipokuwa tunabishana. Niliona vidole vyangu. Niliona maua ya kitenge kwa ndani. Ya Gaspard ilikuwa imekufa macho tangu Nicolas akiwa darasa la tatu. Mtoto alikuwa anaingia nayo chini ya kitanda kutafuta kama kuna nukta moja iliyobaki, na anatoka analia kwamba hakuna.

Nikajiambia, labda kuna fundi anayeweza kupaka mwanga upya. Ndiyo, nilikuwa nimeanza kujibu kama Kambale. Nilikuwa natafuta.

Ilibaki pete. Ya Gaspard ilizunguka kulia na kushoto, laini, bila sauti, na kwa pete hiyo Nicolas alikuwa anaiba dakika. Baba yake alimpa nusu saa ya mpira kabla ya kuoga, anaweka pembe tatu, anaiacha saa juu ya ngazi. Nicolas anapita mbio kunywa maji, anaisukuma pete kulia, upande ule mishale inakokwenda, na dakika alizocheza zinapungua. Nusu saa inakuwa saa nzima. Gaspard alijua. Alikuwa ananikonyeza mimi kwenye mlango wa jiko na kusema kwa sauti, «Leo dakika inatembea polepole, mama Nicolas.»

Nilishika pete ya Abdoul nikaisukuma kulia. Ilikataa. Nikakaza. Ilikataa. Nikaisukuma kushoto: kri, kri, kri, jino moja moja. Kulia tena: ukuta.

Nilikaa chini ya kitenge. Jasho lilinishuka puani. Hakuna aliyeona mwanga ule ila mimi, wala hakuna aliyeifikiria pete, maana walioizungusha kila siku, mmoja amekufa na mwingine hayupo. Neno moja, «ni yenyewe», na Léonie angekuwa huru kabla ya mwisho wa juma, na mimi ningelia mpaka nishibe. Abdoul alikuwa anakohoa nje, kikohozi kikavu cha mtu anayeogopa. Naye ana mama mahali fulani anayechambua maharagwe.

Nilitoka.

— Si yenyewe.

— Mama mukubwa, macho yako...

— Serge, nyamaza. Weka ile chupa ya mwenzako ku ukuta, kisha urudi.

Akaenda, akarudi.

— Adolphe, shika hii pete. Izungushe kulia. Inaenda?

Shemeji yangu alikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

— Haiende.

— Ya kaka yako ilienda. Weye mwenyewe uliichezea siku ya ndoa yetu mupaka akakupiga ku mukono.

Adolphe alitazama mkono wake, kama vile kipigo kile kimerudi.

— Njo kweli, alisema. Ilienda pande zote.

— Za leo iko naenda upande moya tu, Kambale akasema polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya. Banatengeneza vile ili pete ikigongwa ndani ya maji isiongezee mutu dakika zenye hana. Mama, sikuizungusha. Niliona manjano, nikasahau kuizungusha.

— Njoo huku, nikamwambia, nikafungua kitenge.

Aliingiza kichwa chake ndani pamoja nami, mtu mzima na ndevu, na uwanja mzima ukacheka, hata Abdoul. Alipoona alama zinawaka alisema, «Ayi!» na kioo chake kikanigonga kwenye pua. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mbele ya kiti cha Abdoul.

— Muzee, unisamehe. Katika maisha yangu saa ya namna hii nilifungua moya tu. Nikafikiri iko moya tu duniani.

— Ungeniuwa, Kambale.

— Ningekuuwa.

— Na ile mukanda hujaipunguza.

— Nitaipunguza bure.

Abdoul aliinuka, akaifunga saa yake mkononi, halafu akaifungua, akaitia mfukoni. Alinisogelea.

— Mama, ile ya bwana yako, ile ya kweli. Manjano yake ilikuwa sawa na hii?

— Ilikuwa sawa.

— Ilichukua miaka ngapi?

— Kama makumi mbili. Weye umefupisha njia.

Alitikisa kichwa, akaaga, akaenda. Vijana walimpisha. Yule wa chupa alikuwa ameshaondoka bila mtu kumwona.

Basi tukabaki wa nyumbani. Adolphe alijinyoosha kwenye kiti.

— Tuko vile tulikuwa, alisema. Tutangoja.

Léonie hakulia. Alianza kukusanya vikombe vya chai, akavipeleka kwenye beseni, akaviosha. Nilimtazama. Alichukua kikombe cha bluu, akakifuta, akakiweka. Akakichukua tena kikombe kile kile cha bluu, akakifuta. Mara ya tatu sikuvumilia.

— Adolphe, Jumamosi uite wazee wa Mathieu.

Kitambaa kilisimama ndani ya kikombe.

— Niwaite na kitu gani? Kitu hakuna, shemeji.

— Hakuna. Mwaka jana uliniuliza mbele yao, na mimi njo nilisema mulete kitu. Leo naondoa neno langu.

— Na matanga?

— Hakuna matanga. Sizike mutu sijui kama amekufa. Lakini huyu ni muzima, namuona.

— Na Nicolas akirudi? Ataniuliza mimi, niko kichwa ya familia. Nitamuambia nini?

— Hatakuuliza weye. Atafika kwangu kwanza, maana atakuwa na njaa. Nitamuambia mimi mwenyewe.

Adolphe alizungusha mkongojo wake chini, huku na huku, muda mrefu. Mwisho alisema: «Jumamosi, saa nane.» Léonie aliweka kikombe chini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akaficha uso kwenye kitenge kile kile. Nilimshika kichwa. Nywele zake zilikuwa na vumbi la barabara.

Tulirudi kwa miguu. Safari hii alikwenda polepole na mimi ndiye niliyetangulia, nikasimama, nikamngoja, nikatangulia. Pale penye wauza mkaa nilisikia nyuma yangu chaka-chaka, chaka-chaka, chuma chepesi kilicholegea kikicheza kwenye mkono wa mtu anayetembea haraka. Nikageuka kabla ya kufikiri. Alikuwa mlinzi wa bohari na rundo lake la funguo.

— Mama, nini? Léonie aliuliza.

— Si kitu, nikasema. Twende. Nimeacha maharagwe nje.